Barua ya Wazi: Mto Ruvuma Una Walinzi Wengi Lakini Hauna Mwenyewe

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi; Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa; Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati ya Bunge inayoshughulikia mambo ya nje, ulinzi na usalama; na Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Mtwara, ukiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Usalama ya Mkoa.

YAH: OMBI LA KUUNDWA KIKOSI CHA KUDUMU CHA WALINZI WA MPAKA, KIKIANZIA MTO RUVUMA

Waheshimiwa,

Ninaandika kutoka Mtwara, mkoa niliofundisha shule za msingi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Kwa miaka 11 kati ya hiyo nilikaa katika kijiji cha kando ya Mto Ruvuma, ambako wanafunzi wangu, kengele ya mwisho ikishagongwa, walikwenda kuoga katika maji ambayo upande huu ni ya Tanzania na upande wa pili ni ya Msumbiji. Sijapata kuwa askari, wala hakuna siri ya kijeshi niliyowahi kuambiwa. Nilichonacho ni kile anachokuwa nacho mtu aliyekaa mahali pamoja muda mrefu akitazama nani anapita, anapita saa ngapi na amebeba nini. Kwa sababu hiyo hiyo nimeona nisikae kimya, kwa kuwa ninachokiomba katika barua hii ni kwamba Serikali nayo iwe na watu wa kukaa mtoni na kutazama.

Mpaka wetu wa kusini una walinzi wengi lakini hauna mwenyewe. Uhamiaji wanashughulika na mtu na hati yake. Mamlaka ya Mapato inashughulika na mzigo na kodi yake. Polisi wanashughulika na kosa, mara nyingi likiwa limeshatendeka. Jeshi la Wananchi liko tayari kwa adui wa nchi, maofisa wa wanyamapori wanalinda tembo katika Pori la Akiba la Lukwika-Lumesule, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inawasaka wauza unga. Kila mmoja anafanya kazi yake, na wengine wanaifanya katika mazingira ambayo mtu aliyezoea ofisi yenye kiyoyozi asingeyavumilia wiki mbili. Lakini mpaka wenyewe, yaani ule ukingo wa mto wenye matete, mashamba ya mpunga na mitumbwi iliyofungwa kwenye mizizi, si kazi ya kwanza ya yeyote kati yao. Kwa kila mmoja ni kazi ya pili au ya tatu, na kazi ya pili ndiyo inayoachwa siku mafuta ya gari yanapokwisha.

Ramani iliyotundikwa ofisini huuonyesha Ruvuma kama mstari mmoja wa buluu unaotoka baharini kwenda magharibi, ukipita chini ya Mtwara Vijijini, Nanyamba, Tandahimba, Newala na Nanyumbu, kisha ukaingia Tunduru na kuendelea hadi unapokutana na Mto Msinje, ambapo mpaka unauacha mto na kufuata mstari wa nchi kavu kuelekea Ziwa Nyasa. Ni zaidi ya kilomita 600 za mto. Mtu akisimama Newala, pale penye genge tunaloliita Shimo la Mungu, akatazama bonde lililo chini yake, ataelewa kwa dakika moja jambo ambalo ripoti ndefu haiwezi kumweleza: bonde ni pana, lina miti na vichaka, na kutoka kule juu mtu anayetembea mtoni haonekani kabisa. Wakati wa masika mto unajaa na kumeza mashamba. Kiangazi unagawanyika kuwa vijito, visiwa vya mchanga vinaibuka katikati, na kuanzia Agosti hadi mvua za kwanza kuna mahali ambapo mtu mzima huvuka maji yakiwa magotini, hofu yake ikiwa ni mamba tu. Tena mahali hapo hapabaki pale pale, kwa kuwa mchanga huhama na kivuko cha mwaka jana mwaka huu kinaweza kuwa kina kirefu. Anayeujua mto, kwa hiyo, ni yule aliyeutazama mwaka huu.

Katika mto huo, kwa upande wa mkoa wetu, sehemu rasmi zinazofahamika za kuvukia ni Kilambo, karibu na bahari, na Mtambaswala wilayani Nanyumbu, penye Daraja la Umoja lenye urefu wa mita 720, lililofunguliwa na marais wa nchi zetu mbili tarehe 12 Mei 2010. Kati ya Kilambo na Mtambaswala ni zaidi ya kilomita 150 hata kama mtu angeruka kama ndege. Mkazi wa katikati, ambaye dada yake ameolewa ng'ambo na amepata msiba leo asubuhi, hawezi kwenda Mtambaswala kugonga muhuri ili awahi mazishi ya saa kumi. Atapanda mtumbwi. Sisi tunaziita njia hizo njia za panya, jina ambalo limezoeleka hata kwenye taarifa za viongozi, lakini kwa wengi wanaozipita ndizo njia za ukoo.

Naomba jambo hili lieleweke vizuri, kwa sababu mtu akilikosea, kila atakachokijenga juu yake kitakwenda upande. Mpaka huu waliuweka Wajerumani na Wareno kwa makubaliano ya tarehe 30 Desemba 1886, na hata wao wenyewe hawakuuheshimu, kwa kuwa mwaka 1894 Wajerumani walivuka mdomo wa mto na kujitwalia Kionga, na Wareno wakaja kuichukua tena mwaka 1916 katikati ya vita. Wamakonde wa Newala na Wamakonde wa Mueda, ng'ambo huko Msumbiji, ni watu wa meza moja. Wamatambwe, Wamakua na Wayao wako pande zote mbili. Watu huvuka kwa mazishi, kwa jando na unyago, kulima bondeni, kuuza samaki wakavu, kununua sabuni na chumvi, na msimu wa korosho mizigo huvuka kuifuata bei ilikokwenda. Mlinzi asiyeweza kumtofautisha mtu wa namna hii na mtu mwenye nia mbaya ama atamzuia kila mtu, ama atampitisha kila mtu, na katika hali zote mbili hatakuwa analinda kitu.

Nitoe mfano mmoja nilioushuhudia mwenyewe, uliotokea miaka kadhaa kabla ya vita ya Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji lililo ng'ambo ya mto. Msimu mmoja wa kiangazi walifika kijijini kwetu vijana watatu ambao hakuna aliyewafahamu. Walipanga chumba, hawakulima, hawakuvua, wala hawakuwa na ndugu waliyemtaja. Waliogundua mapema zaidi ni akina mama wanaochota maji alfajiri, waliosema kwamba wale vijana wananunua petroli kwa madumu kutoka kwa waendesha bodaboda na kuivusha usiku kwa mtumbwi usiofahamika ni wa nani. Mwenyekiti wa kitongoji aliniomba nimsindikize kwenda kutoa taarifa, kwa kuwa mwalimu, alisema, husikilizwa. Ofisi ya kwanza ilituambia hilo ni suala la bidhaa, twende kwa wanaohusika na bidhaa. Ofisi ya pili ikatueleza kwamba kununua petroli si kosa, labda tuangalie kama vijana wenyewe wana hati za kuwapo nchini. Ofisi ya tatu ilitupokea kwa adabu kubwa, ikatupa viti, ikatuambia kwamba mhusika yuko safarini na gari ni bovu. Tulitumia nauli yetu wenyewe na siku mbili za kazi. Tuliporudi kijijini chumba kilikuwa kitupu na mtumbwi haupo.

Sizitaji ofisi hizo, na wala sidhani kwamba waliokuwamo walikuwa watu wabaya. Kila mmoja alisoma mipaka ya kazi yake akaona kwamba jambo letu liko nje kidogo. Mpaka leo hakuna anayejua kama vijana wale walikuwa wafanya magendo wa kawaida, majangili au kitu kingine, na uzito wa kisa hiki uko hapo, kwamba hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye wajibu wake ulikuwa kujua.

Baada ya hapo mambo yalibadilika kusini ya mto. Tarehe 5 Oktoba 2017 watu wenye silaha walishambulia vituo vya polisi huko Mocímboa da Praia, na vita iliyoanza siku hiyo ikasambaa katika sehemu kubwa ya jimbo la Cabo Delgado. Tarehe 14 Oktoba 2020 ilivuka maji na kufika kwetu, kijiji cha Kitaya kiliposhambuliwa, watu wakauawa na nyumba zikachomwa moto, na siku chache baadaye Mkuu wa Jeshi la Polisi akathibitisha hadharani kwamba wavamizi walikuwa takriban 300. Sitaki kueleza usiku ule, kwa sababu wako waliopoteza watu wao na haki ya kuusimulia ni yao. Ninachotaka kukisema ni hesabu tu. Watu 300 hawavuki mto kimyakimya kama mtu mmoja. Wanahitaji kujua maji yako wapi mafupi, wanahitaji chakula, wanahitaji mtu aliyepita kabla yao akatazama. Mambo hayo yote huacha dalili, na dalili huonwa na wakazi, iwapo tu wakazi wana mtu wa kumwambia ambaye atafika kabla ya giza.

Serikali ilichukua hatua, na sisi wa Mtwara tulishukuru na bado tunashukuru. Nguvu zililetwa, na Novemba 2020 wakuu wa polisi wa nchi mbili walikutana hapa hapa Mtwara wakakubaliana kushirikiana. Mwaka uliofuata, baada ya mji wa Palma kushambuliwa mwezi Machi, nchi za SADC, yaani Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, zilipeleka kikosi Cabo Delgado, Tanzania ikiwamo, na muda wa kikosi hicho ulimalizika Julai 2024. Mimi siyo wa kupima kilifanikiwa kiasi gani. Naona tu kwamba yote haya yalikuwa ni operesheni, na operesheni ina tarehe ya kuanza na tarehe ya kumalizika, wakati mto hauna. Askari wa operesheni hutoka Tabora au Arusha, hufika akiwa na ari, hukaa miezi kadhaa, na anapoanza kuujua mlio wa kasia la mvuvi na wa kasia la asiye mvuvi, anapoanza kuelewa maneno mawili matatu ya Kimakonde na kujua kwamba mzee fulani huvuka kila Ijumaa kwa ajili ya mke wa pili, barua ya uhamisho inafika. Anayekuja baada yake anaanza upya, na mzee wa Ijumaa anaulizwa maswali upya kana kwamba ameibuka kutoka chini ya maji.

Hapa ndipo ninapoiona kazi halisi ya kikosi cha walinzi wa mpaka katika usalama wa nchi. Vita ni kazi ya Jeshi la Wananchi, na halihitaji kufundishwa na mwalimu wa Kiswahili na Maarifa ya Jamii. Upelelezi wa makosa na mashtaka ni kazi ya Polisi. Kazi ya mlinzi wa mpaka inatangulia zote hizo: kuujua mwenendo wa kawaida wa mahali, ili siku mwenendo huo ukivunjika aone, atambue ni nini kimebadilika, amfikishie taarifa yule mwenye uwezo wa kushughulika nacho, na katikati ya hapo azuie kwa kadiri anavyoweza mpaka msaada ufike. Kazi hiyo inataka kukaa. Inataka askari mwenye miaka mitatu au minne katika kituo kimoja, mwenye daftari la mitumbwi na majina ya wavushaji, anayejua ni kisima gani akina mama huenda alfajiri na anayeamkia watu anapopita.

Nchi nyingine zimeupita mjadala huu, na baadhi zimeupita kwa maumivu. India, hadi mwaka 1965, ililinda mpaka wake na Pakistani kwa vikosi vya polisi vya majimbo, kila jimbo na chake, mpaka vituo vyao katika eneo la Kutch viliposhambuliwa mwezi Aprili mwaka huo na ikaonekana wazi kwamba polisi wa kawaida hawakuwa wameandaliwa kwa kazi ile. Tarehe 1 Desemba 1965 ikaunda kikosi kimoja cha taifa cha ulinzi wa mipaka, chini ya wizara yake ya mambo ya ndani. Ufini ina walinzi wa mpaka tangu mwaka 1919, nao pia wako chini ya wizara ya mambo ya ndani wakati wa amani, lakini sheria inaruhusu waunganishwe na majeshi ya ulinzi vita ikitokea. Karibu zaidi nasi, Afrika Kusini ilitunga sheria mwaka 2020 ya kuunda mamlaka moja ya mipaka, ikaanza kujitegemea mwaka 2023, baada ya miaka mingi ya kuwa na idara nyingi katika kituo kimoja ambazo kila moja ilikuwa na mkubwa wake. Kenya ina kikosi cha polisi wa mipaka ndani ya Polisi Tawala. Na kwa nini tuende mbali? Zanzibar wanayo KMKM, Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, ambacho kwa miongo kadhaa kimekuwa na kazi yake inayoeleweka na bahari yake kinayoijua. Sisemi tuige yoyote kati ya hawa neno kwa neno. Mpaka wa India una uzio na taa kwa kilomita nyingi sana, jambo ambalo Ruvuma ungelisomba katika masika ya kwanza, na pia lingewatenga ndugu. Lakini wote wamekubali kwamba ulinzi wa mpaka ni fani yenye mafunzo yake, na kwamba si kazi ya kujazia nafasi.

Kisheria sioni kikwazo. Ibara ya 147 ya Katiba yetu inakataza mtu, shirika au kikundi chochote kuunda jeshi, lakini inaipa Serikali uwezo wa kuunda majeshi ya aina mbalimbali kwa mujibu wa sheria. Kinachotakiwa ni sheria itakayosema waziwazi nani anaamuru ukingoni, nani anapokea taarifa, na pale Uhamiaji, Polisi na Jeshi wanapokutana, neno la mwisho ni la nani.

Sasa nifike kwenye jambo linalonipa hofu zaidi, na ambalo najua wenzangu wengi wa mpakani watalitaja kabla ya kumaliza kusoma barua hii. Watasema: mwalimu, unatuletea sare nyingine. Wana haki ya kusema hivyo. Mama anayetoa samaki wakavu mtoni kuwapeleka mjini anaweza kukutana na vizuizi kadhaa njiani, na katika kila kizuizi pana mtu anayetaka kujua kapu lina nini, na wakati mwingine anayetaka zaidi ya kujua. Mkulima anayesafirisha magunia mawili ya korosho zake mwenyewe huulizwa kama ni mfanya kangomba, yaani mnunuzi wa korosho kinyume cha utaratibu. Tena kuna kumbukumbu ambazo Mtwara hazijafutika. Tunayakumbuka magari ya askari mitaani Mei 2013 wakati wa vurugu za kupinga bomba la gesi, na tunayakumbuka malori ya jeshi yakisomba korosho mwishoni mwa 2018. Sikusudii kuifungua mijadala hiyo hapa, nataka tu mjue kwamba kikosi kipya hakitafika kwenye ukurasa mtupu. Kikianza kwa kupekua vikapu, kitakuwa kipofu ndani ya mwezi mmoja, kwa sababu macho ya mpaka ni yale ya akina mama wa alfajiri, na mtu aliyedaiwa hela ya chai jana hatoi taarifa leo.

Kwa hiyo namna kikosi kitakavyoundwa ina uzito sawa na kuundwa kwenyewe. Ningependa angalau nusu ya askari wake watoke katika wilaya za mpakani, wakiwamo vijana waliopitia mgambo na JKT ambao kwa sasa wanasubiri ajira wakiendesha bodaboda, na wanawake wawe wengi wa kutosha kuweza kuwa katika kila kituo, kwa kuwa sehemu kubwa ya wanaovuka ni wanawake na sehemu kubwa ya habari ni zao. Bajeti ya kikosi isitegemee faini hata kidogo. Mkazi wa vijiji vya ukingoni apewe hati rahisi ya kuvuka, inayotolewa na mtendaji wa kijiji na kuhakikiwa na kituo cha walinzi, kwa safari za siku moja au mbili za msiba, sherehe na shamba, na upande wa pili waitambue, jambo ambalo vikao vyetu vya ujirani mwema vinaweza kulikubaliana bila ya kusubiri mkutano mkubwa wa kimataifa. Mitumbwi iandikishwe na wavushaji watambuliwe, lakini bure, kwa sababu ada ya kuandikisha itazaa mitumbwi ya usiku. Kwa njia hiyo mlinzi atakuwa na orodha ya watu wa kawaida, na asiyekuwamo ndiye atakayemshughulisha.

Jambo lingine linalohitaji mtu aliyefundishwa ni yule anayevuka akikimbia. Mwaka 2021, baada ya Palma, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilieleza hadharani wasiwasi wake kwamba maelfu ya raia wa Msumbiji walikuwa wamerudishwa kutoka upande wetu kupitia Negomano, ng'ambo ya Daraja la Umoja. Naielewa hofu ya viongozi wakati ule, kwa kuwa Kitaya ilikuwa haijatimiza mwaka na mshambuliaji anaweza kujichanganya na wanaomkimbia. Lakini huu ndio mkoa, na hii ndiyo kanda, iliyowapokea Wamsumbiji wakati wa vita vyao vya ukombozi kuanzia mwaka 1964, wakakaa Rutamba huko Lindi, na vijana wao wakajifunza kazi ya kijeshi Nachingwea. Askari wetu waliolala katika makaburi ya mashujaa Naliendele, hapa Mtwara, walikwenda Msumbiji kwa ajili ya amani ya nchi ile. Sheria yetu ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inatambua haki ya mtu kuomba hifadhi. Askari ambaye hakufundishwa kumhoji mama mwenye watoto watatu na kumtenganisha na kijana mwenye majibu yasiyoshikana atafanya lililo rahisi, yaani kuwarudisha wote, na miongoni mwa wale aliowarudisha atakuwamo shahidi ambaye angemweleza wavamizi wamelala wapi.

Kuhusu baharini sitasema mengi, kwani hilo linahitaji barua yake. Mwaka 2021 zaidi ya kilo 850 za dawa za kulevya zilikamatwa katika eneo la Kilwa Masoko mkoani Lindi, na mtu yeyote anayeishi Msimbati, penye visima vya gesi na Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi, anajua jinsi jahazi lisilo na taa linavyoweza kupita bila ya kuulizwa. Kuna na upande wa misitu, ambako ushoroba, yaani njia ya wanyama kati ya hifadhi za Selous kwetu na Niassa huko Msumbiji, unavuka Ruvuma: tembo wa Selous, waliokuwa zaidi ya 100,000 katika miaka ya 1970, walibaki takriban 13,000 kufikia mwaka 2013, na meno yao hayakusafiri yenyewe. Mto, msitu na bahari ni mambo matatu tofauti, lakini wanaovusha meno, unga, silaha na watu wameshatambua kwamba njia moja inatosha kwa yote.

Najua nitaambiwa fedha haipo. Sikupendekeza kikosi cha nchi nzima kwa siku moja, ingawa tunapakana na nchi nane na kila mpaka una matatizo yake. Kianzie Ruvuma, kwa kuwachukua askari walioko tayari katika taasisi nilizozitaja, wale wenye moyo wa kukaa, wakawekwa chini ya kamanda mmoja katika vituo vidogo kati ya Kilambo na Mtambaswala. Redio za mawasiliano zinazofanya kazi bila ya mnara wa simu, boti zinazoweza kupita kwenye maji mafupi, pikipiki na mafuta ya uhakika. Hayo ndiyo mahitaji ya kuanzia. Gharama ya magari na mafuta yaliyotumika kila tunapokimbizana na jambo lililokwisha kutokea mnaijua ninyi kuliko mimi.

Waheshimiwa, nawaomba, kabla ya bajeti ijayo, Kamati ya Bunge ije Mtwara mwezi Septemba au Oktoba, wakati maji yamepungua. Msiishie Mtambaswala, kwa kuwa darajani mambo ni mazuri na chai ipo. Shukeni bondeni kwa miguu, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji na wavushaji, mkae kutwa nzima mkihesabu wanaopita, kisha muulize ofisi zote zinazohusika kila moja iwape hesabu yake ya siku hiyo. Mkiziweka hesabu hizo mezani pamoja na ya kwenu, mtaona mnachotakiwa kukiandika katika muswada. Mimi nitakuwapo kuwaonyesha njia, magoti yakiniruhusu kupanda tena.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Mkazi wa Mtwara